Miguu ya Limbu

Serikali ilipoachia biashara ya mahindi, malori yalijaa Sumbawanga. Zamani magunia yote ya Ufipa yalikuwa na mnunuzi mmoja, naye alilipa alipojisikia. Sasa walikuja matajiri kutoka Tunduma na Mbeya, kila mmoja na ghala lake, kila mmoja na haraka zake. Sisi wabebaji tulipata kazi mpaka tukawa tunachagua. Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini kufika mwaka tisini na tatu nilikuwa msimamizi wa watu wanane kwenye ghala moja nyuma ya soko. Vijana waliniogopa kidogo, na nilipenda hivyo.

Mmoja wa wale wanane alikuwa Limbu, shemeji yangu. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakaweka maskani bondeni, upande wa Muze. Yeye alipanda huku juu kutafuta kazi, akamwona mdogo wangu Redempta, akabatizwa, akaleta ng'ombe nane, akamuoa. Walipanga chumba mtaa wa Kasense, si mbali na kwangu, wakapata mtoto mmoja. Ilipofika saa ya kazi hakuna aliyemkaribia. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likatoa kichwa juu ya mdomo wake, wengine walilibeba wakikunja uso. Limbu alilibeba huku akiongea.

Kikosi chetu kilikuwa na sheria yake ya chakula. Jioni, lori likishafungwa turubai, tulikula pamoja palepale ghalani. Aliyebeba magunia mengi kuliko wenzake siku hiyo alikatiwa fungu la kwanza, ugali uliorundikwa juu sana mpaka tukauita kichuguu, na jagi zima la togwa iliyokolezwa sukari. Alikula mbele ya wote mpaka amalize. Kuacha kulikuwa ni kututukana. Karibu kila jioni kichuguu kilikuwa cha Limbu.

Mwezi wa sita alianza kukonda. Alikula kama mtu wa njaa na nguo zikazidi kumpwaya. Baridi ya Sumbawanga mwezi huo inawafanya watu wavae makoti mawili, yeye alitembea kifua wazi na jasho likimchuruzika. Mikono ilimtetemeka akishika kikombe. Macho yalimtoka mbele, kama mtu aliyeshtuliwa akabaki hivyohivyo. Ngozi ya miguu yake kwa mbele, chini ya magoti, ilikuwa nene na yenye vitundu kama ganda la chungwa. Shingo nayo ilijaa kidogo, lakini shingo iliyojaa huku kwetu si habari, wamama wengi wanayo na wanalima nayo. Hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja mwezi wa saba Redempta alikuja ghalani mbio, kanga imefungwa ovyo. Alisema mumewe ameamka hana miguu. Anaongea, anaona, ila miguu haisogei. Jana yake tulikuwa tumepakia malori mawili na Limbu ndiye aliyekula kichuguu. Basil, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala, alisema kichuguu ndicho kilichomlalia, mke wake akamgeuze upande. Tulicheka wote. Saa nane mchana Limbu alitokea mlangoni anatembea kwa miguu yake, akachukua gunia.

Baada ya wiki mbili ikawa tena hivyohivyo. Siku ya kazi kubwa, chakula kikubwa, asubuhi hana miguu, mchana amepona. Ikawa mara ya tatu. Mimi nikapiga hesabu yangu. Mtu anabeba kuliko wote leo, anakula kuliko wote leo, kesho yake analala mpaka jua limepanda, halafu anaamka mzima. Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa gani unaosubiri mtu ashibe kwanza? Wenzake nao walianza kunung'unika kwamba namlea kwa sababu ni shemeji yangu. Hilo lilinichoma. Sikutaka mtu aseme Kornel ana ndugu kwenye kazi.

Mara ya nne sikungoja kusimuliwa na mke wake. Nilikwenda mwenyewe Kasense asubuhi, na mfukoni nilikuwa na sindano ya kushonea magunia, ile ndefu iliyopinda ncha. Limbu alikuwa amelala chali kitandani, blanketi limesukumwa pembeni, anatoka jasho. Nilimwambia asimame. Alisema hawezi. Nilimuuliza kama miguu imekufa. Alisema haijafa, ni mizito tu, kama si yake.

Nilimchoma pajani. Si kidogo. Redempta alipiga yowe akanishika mkono. Machozi yalimtoka Limbu yakaingia masikioni, na mguu ukabaki pale ulipokuwa.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia, shemeji."

"Mguu uliokufa hausikii. Wewe unasikia. Basi hujafa mguu, umekufa moyo wa kazi."

Alinitazama kwa yale macho yaliyotoka. "Shemeji," alisema, "ningeweza kuunyanyua huu mguu, ningekupiga nao teke."

Nilimfukuza kazi palepale, amelala. Nilirudi ghalani nikawaambia wenzangu jinsi nilivyompima, na Basil akaiga mtu anayechomwa sindano akajifanya gogo, tukacheka hadi tajiri akatoka kuuliza kuna nini. Nilijiona nimetenda haki. Nilikuwa nimewaonyesha kwamba sina ndugu.

Redempta hakuja kwangu kwa wiki nzima. Alimpeleka mumewe hospitali, si mara moja, mara tatu, mpaka akampata daktari mmoja mwanamke, bado kijana, aliyekubali kumlaza na kumtazama asubuhi miguu ilipogoma. Walimpima damu, madaktari wengine wakaja kumwangalia kama kioja. Daktari alimwambia Redempta ni ugonjwa wa tezi ya shingo, ile iliyo mbele ya koo. Alisema mwili una walinzi wake wa kupigana na maradhi, na walinzi wa Limbu wamekosea, wanaichokoza tezi yake wenyewe, tezi inafanya kazi kama injini iliyokwama kwenye mwendo mkali. Ndiyo maana anakonda, anatetemeka, macho yametoka, miguu imekuwa na ngozi ya ajabu. Na kuna wachache sana, wengi wao wanaume, ambao tezi hiyo inawafanyia jambo jingine tena. Damu ina chumvi yake, inaitwa potasiamu. Mtu wa namna hiyo akifanya kazi nzito, halafu akala ugali mwingi au kitu cha sukari, halafu akapumzika, chumvi ile inakimbia kutoka kwenye damu inajificha ndani ya nyama, na misuli inagoma. Baada ya saa kadhaa inarudi, mtu anasimama. Ikizidi, inagusa moyo.

Redempta alikuja kunieleza haya akiwa amesimama. Nilimwambia akae, hakukaa. Alikuwa na karatasi ya daktari mkononi, akaiweka mezani kwangu. Kusoma nasoma, polepole. Haikuwa na mengi niliyoyaelewa, lakini ilikuwa na muhuri, na muhuri ulifanya kazi ambayo machozi ya Limbu hayakuifanya. Nilikaa pale natazama muhuri na nikajua kwamba nilimchoma mgonjwa sindano ya gunia nikawachekesha watu.

Sikusema samahani. Nilisema arudi kazini, atashona midomo ya magunia, hatabeba.

Alirudi. Alikuwa anakunywa vidonge na nguvu zilimrudia kiasi, mikono ikaacha kutetemeka. Alikaa kwenye kona na sindano ya gunia, anashona. Jioni alikula ugali kidogo kwenye kisahani chake, maharage zaidi, na maji. Alikuwa ananiita shemeji kama zamani, lakini ule utani wetu uliisha. Zamani alikuwa akiniambia Mfipa ni mtu wa kulima vichuguu halafu akalala juu yavyo, nami nikimwambia Msukuma hapandi kitanda mpaka ng'ombe ashuke kwanza. Sasa nikimtania aliitikia tu, kama mtu anayeitikia salamu ya mgeni.

Hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Nilitaka kulipa na sikujua namna. Mimi najua kulipa kwa kitu, si kwa maneno.

Mwezi wa tisa vidonge viliisha na mjini havikuwepo. Duka la dawa lilisema wiki ijayo, wiki ijayo ikawa wiki ijayo. Redempta aliamua kupanda lori la tajiri wetu, na mtoto mgongoni, kwenda Mbeya kuvitafuta. Kabla hajaondoka alikuja kwangu. Safari hii alikaa.

"Kaka Kornel, nakuachia mume wangu siku nne. Asibebe. Asishibe ugali. Togwa, soda, chai ya sukari, hapana. Miguu ikikataa, mpeleke hospitali kwa yule daktari, mwambie potasiamu. Sema nilichosema."

Nilimwambia nimesikia. Aliniambia niseme. Nilikasirika, nikamwambia mimi si mtoto wa shule. Akanyanyuka akaenda.

Siku ya pili, Ijumaa, malori matatu yaliingia kwa mpigo, na Adriano, mmoja wa wabebaji wangu, alikuwa amekwenda msibani Mwimbi. Tajiri alikuwa anapiga kelele kwamba mvua za Tunduma zimekaribia. Limbu aliweka sindano chini, akasema atasaidia kidogo. Ningeweza kumkataza. Nilimwona anavyoinama kulipokea gunia, na wenzake wakampigia miluzi, nikafurahi. Nilidhani nimemrudishia kitu nilichomnyang'anya. Alibeba hadi jioni.

Usiku haujaingia bado, tulikaa kula. Nilikata ugali mimi mwenyewe. Nilimrundikia Limbu kichuguu, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kukata, na samaki migebuka wawili juu yake, na jagi la togwa nililolikoroga sukari kwa mkono wangu. Nilimwekea mbele kama mtu anayetoa fidia barazani. Wote walijua nasema nini.

Limbu aliutazama ule ugali. "Redempta amekataza," alisema taratibu.

Basil akamwambia, "Kumbe wewe ndiye uliyeolewa."

Watu wakacheka. Mimi ningesema neno moja tu, yangeisha. Nilisema, "Kula, shemeji. Leo umerudi." Sidhani kama alikuwa na njaa. Nadhani hakutaka kunikataa mbele za watu, heshima ambayo mimi sikumpa. Alikula akamaliza, akanywa togwa akamaliza, na tukapiga makofi.

Alfajiri jirani yao alinigongea. Limbu hakuwa na miguu, na safari hii hakuwa na mikono. Kichwa alikigeuza kwa shida. Alipumua juujuu, kama mtu aliyekalishiwa gunia kifuani. Nilimbeba mgongoni. Mtu niliyekuwa namwona mkubwa sana alikuwa mwepesi, na miguu yake iliburuzika nyuma yangu.

Hospitali ilikuwa mbali na ilikuwa Jumamosi. Niliwaza mabenchi, foleni, nesi anayeniambia nisubiri daktari. Njiani, hata robo ya safari hatujafika, palikuwa na zahanati mpya ya mtu binafsi. Zahanati za namna hiyo ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa miaka hiyo. Imepakwa rangi nyeupe, mlango wazi, hakuna foleni. Ukiwa na fedha unahudumiwa. Nami nilikuwa na mshahara wa Ijumaa mfukoni, na kwa mara ya kwanza niliona kitu cha kununua nao.

Mwenye zahanati alimlaza kitandani, akamshika mkono, ukaanguka. Aliniuliza ana nini.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na lile neno kichwani, si kwamba nililisahau. Potasiamu. Lakini nililiona la kigeni mdomoni, neno la kwenye makaratasi, na niliogopa nitalitamka vibaya yule mtu anicheke. Nikasema, "Hana nguvu. Muwekee dripu. Nalipa."

"Ya maji ya chumvi au ya glukosi?"

"Ipi ina nguvu?"

"Glukosi ni sukari."

"Basi hiyo. Mbili."

Limbu alisikia yote. Aligeuza macho kwangu, sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama.

"Shemeji. Redempta alisemaje?"

"Redempta si daktari," nilimwambia. "Tulia uongezwe nguvu."

Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, kiganja kimeangalia juu. Asingeweza kuuondoa. Yule mtu alitafuta mshipa, akaupata, maji yakaanza kushuka. Nilikaa pembeni ya kitanda nikayatazama yanavyodondoka, tone baada ya tone, na nilikuwa na amani. Nilikuwa nimelipia. Chupa ya kwanza iliisha, akatundika ya pili. Katikati ya chupa ya pili Limbu aliacha kunitazama, ingawa macho yalikuwa wazi. Kwa yale macho yake nilichelewa kutambua. Yule mtu alimgonga kifuani, akamsikiliza, akamgonga tena. Nje watu walikuwa wanakwenda sokoni na vikapu.

Nilikwenda hospitali baadaye siku ileile kutafuta kibali cha kuzika, na karatasi ile ya muhuri nilikuwa nayo. Walinipeleka kwa yule daktari. Aliisoma, akaniuliza ilikuwaje. Nilimweleza vizuri tu, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi, mpaka nilipofika kwenye dripu. Aliweka kalamu chini.

"Dripu ya nini?"

"Glukosi. Mbili."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kwamba damu ya mtu yule haikuwa imebaki na potasiamu ya kutosha, na ile sukari ilikwenda kuimalizia, na moyo nao ni msuli. Alisema angefika kwake angepewa dawa ya kunywa, tena ni kitu cha kukoroga kwenye kikombe, na pengine mchana angekuwa amekaa. Halafu akaniuliza, "Nilimweleza mke wake. Hakukwambia?"

"Aliniambia," nilisema.

Alichukua kalamu akaandika kibali. Hakuniangalia tena.

Redempta alirudi Jumapili na vidonge kwenye mfuko wa nailoni, vya miezi mitatu. Aliwakuta watu wamekaa nje ya nyumba yake. Hakunilaumu mbele yao. Baada ya maziko aliniita nyuma ya nyumba akaniuliza mambo manne, alikula nini, alibeba, nilimpeleka wapi, aliwekewa nini. Nilijibu yote manne. Aliitikia kwa kichwa kila nilipojibu, kama mtu anayehakikisha kitu alichokwisha kukijua, akarudi kwa wanawake wenzake.

Ningependa kusema kwamba niliwaambia watu. Sikuwaambia. Yule wa zahanati alisema moyo ulichoka, wenzangu wa ghalani wakasema moyo ulichoka. Habari iliyoshuka bondeni kwa wazazi wake ni kwamba Kornel alimbeba shemeji yake mgongoni alfajiri, akatumia mshahara wake wote kumnunulia dripu mbili.

Siku ya kuondoa matanga baba yake alipanda kutoka bondeni. Alikuwa ametembea siku mbili kwenye mwinuko ule, na nyuma yake kijana wake mwingine alikuwa anaongoza ng'ombe mtamba mwekundu kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Watu walikuwa wamekaa uwanjani, Redempta mlangoni na mtoto wake kiunoni.

Mzee alisema Kiswahili chake cha Kisukuma, polepole ili asikosee. Alisema walipohamia huku waliambiwa Wafipa hawana upendo na mgeni. Alisema amesikia nilivyompokea mwanawe kazini, nilivyomrudisha alipougua, nilivyombeba. Amesikia habari za dripu. Alisema ndugu zake mwenyewe wa damu asingewategemea wafanye hivyo.

"Wewe ni mwanangu sasa," alisema. "Huyu mtamba ni wako. Usikatae."

Nilimtazama Redempta. Nilikuwa nangoja aseme ukweli. Kweli nilikuwa nangoja, na nadhani nilitaka aseme, kwa sababu mimi sikuweza kuanza. Neno lilikuwa lake. Watu wote walimgeukia kwa kuwa mimi nilimgeukia.

Alimpandisha mtoto vizuri kiunoni.

"Pokea, kaka," alisema. "Umemfanyia kazi."

Mzee alifurahi, akafuta uso kwa kitambaa. Kijana alininyooshea kamba. Mtamba alikuwa ananusa majani ya uwanjani, hana habari. Nilisema ahsante baba, nikaishika kamba, na nikaondoka naye kupita katikati ya watu waliokuwa wananipa pole.